Uso Uliowekwa Rehani: Mieleka ya Meksiko

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza habari za mieleka ya Meksiko, swali lake huwa moja tu: «Je, wanapigana kweli, au wanaigiza?» Nami niliye mpenzi wa mchezo huo tangu miaka mingi nimekwisha kuulizwa hivyo na wanafunzi, na walimu wao, hata na wazee wanaojua kucheka kwa upole. Nijibu tangu mwanzo, tusipoteze wakati. Mshindi hujulikana kabla ya mchezo kuanza. Wachezaji wamekwisha kuambiwa nani ataanguka na nani atainuliwa mkono. Jambo hilo si siri tena, hata kwa watoto wanaokaa karibu na ulingo. Lakini mwenye kuishia hapo hajaona kitu bado. Maana katika mchezo huo huo ambao mwisho wake umepangwa, kuna vitu vinavyowekwa rehani ambavyo vikipotea havirudi: shingo ya mtu, jina lake na uso wake.

Wenyeji huuita mchezo wao lucha libre, maana yake mieleka huru. Ni wa ukoo mmoja na ule ambao watu wa Kinshasa huuita catch, ambamo wachezaji huingia ulingoni kwa ngoma, na wengine wao hujidai kuwa na dawa za kumlegeza adui. Kule Meksiko ajabu kubwa si dawa, bali ni kitambaa: kinyago kilichoshonwa kikafunika kichwa chote, na nyuma kikafungwa kwa kamba kama kiatu.

Twende kwanza ulingoni. Katika mji mkuu, mtaa wa Doctores, kuna jumba liitwalo Arena México, lililofunguliwa mwaka 1956, lenye nafasi ya watu zaidi ya 16,000. Wapenzi wa mieleka wameliita Kanisa Kuu, na jina hilo limeshika. Jioni ya Ijumaa wachuuzi hutandaza vinyago vya kila rangi nje ya milango, kama mama zetu wanavyotandaza nyanya sokoni. Mtoto hununuliwa kimoja, akakivaa pale pale, akaingia ndani amekwisha kuwa mtu mwingine.

Wachezaji wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza huitwa técnicos, yaani mafundi: hao hushika sheria na kumsaidia mwenzao aliyeanguka, wakatafuta kushinda kwa wepesi wa mwili. Wa pili huitwa rudos, nasi tuwaite wakorofi: hao humpiga mtu kwa nyuma, humvuta kinyago wakati mwamuzi anapotazama kando, na hubishana na watazamaji waliokaa mbele. Lakini msidhani kwamba kila mtu huwapenda mafundi! Sehemu kubwa ya jumba huwashangilia wakorofi, na mara nyingi mabibi wenye mvi ndio wa kwanza kusimama na kukunja ngumi. Nadhani mtu aliyeonewa kazini juma zima huona raha kumpigia kelele mwamuzi asiyeweza kumfukuza.

Mara nyingi hucheza watatu kwa watatu, mizunguko mitatu, na kundi lenye kushinda mizunguko miwili ndilo lenye ushindi. Mzunguko huisha mtu anapobanwa mabega yote mawili chini mpaka mwamuzi apige sakafu mara tatu, au anapokiri mwenyewe kwamba maumivu yamemshinda. Kila kundi lina kapteni: akishindwa yeye, ama wakishindwa wenzake wote wawili, mzunguko umekwisha. Tena mchezaji akiteremka chini ya ulingo, mwenzake aweza kuingia mara moja bila kumgusa mkono. Ndiyo sababu mchezo huenda mbio sana, na mgeni hajui amtazame nani. Ni marufuku kumpiga mtu chini ya mkanda. Ni marufuku kumgeuza kichwa chini na kumkita sakafuni. Ni marufuku pia kumvua kinyago kwa nguvu: mwenye kutenda hivyo huhesabiwa ameshindwa papo hapo.

Lakini sheria hazionyeshi uzuri wa mchezo. Uzuri ni pale mtu mzito anapokimbia, akapenya katikati ya kamba kama mshale, kichwa mbele, akamwangukia adui aliye nje karibu na miguu ya watazamaji. Uzuri mwingine ni wa polepole, nao ni wa kufungana viungo, mtu na mtu, kwa ufundi unaofanana na wa mfuma vikapu. Rito Romero alibuni mtego uitwao tapatía: mchezaji hulala chali, akamnyanyua adui juu yake hewani, mikono na miguu yake imefungwa nyuma, tumbo limeelekea taa. Huracán Ramírez naye aliachia ulimwengu namna ya kumrukia adui mabegani na kumtupa kwa miguu, na hata leo katika nchi nyingi mbinu hiyo huitwa kwa jina lake. Hakuna mpango uwezao kufanya mambo hayo yawe mepesi. Mwenye kuanguka huanguka kweli, na mwenye kumdaka akikosa nusu hatua, wote wawili huumia.

Mchezo huo haukuanzia Meksiko. Salvador Lutteroth, aliyekuwa askari wakati wa mapinduzi ya nchi yake, aliuona kule El Paso, ng'ambo ya mpaka wa Marekani, ukampendeza sana. Tarehe 21 Septemba 1933 akafanya onyesho la kwanza la kampuni yake katika mji mkuu. Baadaye alishinda bahati nasibu ya taifa, na badala ya kula fedha zile akajenga jumba la Arena Coliseo, lililofunguliwa mwaka 1943. Kampuni yake ingali hai chini ya jina la Consejo Mundial de Lucha Libre, na katika ulimwengu wote hakuna kampuni ya mieleka ya namna hii iliyo kongwe kuliko hiyo. Wanawake walianza kucheza mapema, wakazuiliwa katika mji mkuu tangu miaka ya 1950, wasirudishiwe ruhusa mpaka mwaka 1986. Miaka zaidi ya thelathini! Walicheza mikoani, mbali na majumba makubwa, na walio hodari kati yao walizeeka wakingoja.

Sasa tuje kwenye kinyago. Katika miaka hiyo ya mwanzo mchezaji mmoja mgeni alimwendea Antonio Martínez, fundi viatu kutoka mji wa León, akamwomba amshonee kitu cha kufunika kichwa. Fundi alipima kichwa chake kama alivyopima miguu ya wateja wake. Kazi ile ya kwanza haikukaa vizuri. Lakini fundi hakuacha, akajifunza, na jamaa yake wakaishi kwa kushona vinyago baada yake. Hivyo ndivyo sindano ya viatu ilivyozaa nyuso mpya za watu wengi.

Maana kinyago si pambo tu. Anayekivaa hulificha jina alilopewa na wazazi wake. Magazeti hayalichapi, majirani wengine hawalijui. Akitembea sokoni bila kinyago hakuna amsalimuye. Akikivaa, watoto humkimbilia. Na iko namna moja tu ya haki ya kumnyang'anya kinyago hicho, nayo ni mchezo wa rehani. Wachezaji wawili huweka vinyago vyao mbele ya watu wote. Asiye na kinyago huweka nywele zake, na akishindwa hunyolewa pale pale ulingoni. Lakini nywele huota tena. Aliyeshindwa kinyago hukivua kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi mshindi, kisha hutaja jina lake la kweli, mahali alipozaliwa na miaka aliyocheza. Kesho yake uso wake umo magazetini. Kwa desturi na sheria ya mchezo, hana ruhusa ya kukivaa tena.

Mkuu wa watu wa vinyago alikuwa Rodolfo Guzmán Huerta, aliyezaliwa mwaka 1917 katika mji wa Tulancingo. Alikuwa amekwisha kucheza chini ya majina mengine bila sifa kubwa, mpaka msimamizi wake alipomletea majina matatu achague: Mtakatifu, Shetani, au Malaika. Akachagua la kwanza. Tarehe 26 Julai 1942 aliingia ulingoni amevaa kinyago cha rangi ya fedha, akiitwa El Santo, yaani Mtakatifu. Na wasomaji wetu watacheka wakisikia kwamba Mtakatifu huyo alikuwa mkorofi! Karibu miaka ishirini alivunja sheria na kupiga watu kwa nyuma, na watu wakampenda hivyo hivyo, hata alipogeuka kuwa upande wa mafundi wakaona kama mwana mpotevu amerudi nyumbani.

Mchezo wake uliosimuliwa zaidi ni ule wa tarehe 7 Novemba 1952. Walikuwako wachezaji wawili, Black Shadow na Blue Demon, waliojiita ndugu ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. El Santo na Black Shadow waliweka vinyago vyao rehani katika Arena Coliseo, na Black Shadow akashindwa. Watu wakaona uso wake, wakajua jina lake: Alejandro Cruz. Tangu siku ile Blue Demon akawa adui wa El Santo mbele ya taifa zima, na mwaka 1953 alimshinda akamnyang'anya mkanda wa ubingwa. Lakini kinyago cha fedha hakukipata, wala yeye hakupoteza chake cha samawati. Kisha wote wawili wakacheza sinema pamoja, bega kwa bega, na bado wapenzi wao wakaendelea kubishana nani aliye mkubwa.

Sinema ndizo zilizompeleka El Santo mbali. Tangu mwaka 1952 hadithi zake zilitolewa katika vitabu vya picha vya José G. Cruz, na tangu mwaka 1958 akaanza kupigwa picha za sinema, zikawa zaidi ya hamsini. Humo hupigana na wazuka, na wanawake wanyonya damu, na wataalamu wenye wazimu, akivaa suti nzuri na kinyago juu yake, wala hakuna mtu katika hadithi anayemwuliza kwa nini amefunika uso. Ni sinema za fedha kidogo, na mwenye macho huona ukuta wa maboksi ukitikisika. Mimi nazipenda hata hivyo. Zilipotafsiriwa kwa Kiingereza, baadhi yao zilimpa jina la Samson.

Jambo ninalolistaajabia zaidi ni uaminifu wake kwa kile kitambaa. Alikuwa na kinyago cha pekee kilichoachwa wazi kidevuni ili aweze kula mbele ya watu. Husimuliwa kwamba alipokwenda ng'ambo kupiga picha alipanda ndege peke yake, mbali na wenzake, wasije wakaona uso wake mbele ya maofisa wa mpaka. Mwanzoni mwa mwaka 1984, akiwa mzee wa miaka 66, alikaa mbele ya kamera za televisheni, na bila kutangaza jambo lolote akakiinua kinyago chake kidogo, watu wakaona sehemu ya uso, kisha akakishusha. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, moyo wake ulisimama. Akazikwa na kinyago chake, na watu maelfu wakafuata jeneza.

El Santo hakupoteza uso wake. Lakini mimi, nikiulizwa ni nani aliyenionyesha maana ya mchezo huu, nitamtaja mtu aliyeupoteza.

Ray Mendoza alikuwa bingwa mwenye sifa, naye hakutaka wanawe wafuate kazi yake, alitaka wasome. Wanawe watano wakaifuata hata hivyo, wakiitwa Villano wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Villano wa tatu alivaa kinyago miaka thelathini, akiwa mkorofi mwenye ufundi ambao mafundi wenyewe waliuhusudu. Tarehe 17 Machi 2000, katika Arena México, alikiweka rehani dhidi ya kinyago cha Atlantis, kipenzi cha watu, mwenye rangi nyeupe na samawati. Jumba lilijaa. Siku hiyo hapakuwa tena na upande mwema na upande mbaya. Watu walimshangilia kila mmoja kwa zamu yake, kwa sababu walijua kwamba vyovyote itakavyokuwa watapoteza kitu. Mwisho Atlantis alimnyanyua mabegani, akamkunja kama fimbo inayotaka kuvunjika, na Villano akakubali kushindwa. Kisha akasimama, akafungua kamba za kinyago, akatoa uso wa mtu wa makamo, umelowa jasho, akataja jina lake: Arturo Díaz Mendoza. Kati ya watazamaji walikuwako wanaume waliolia waziwazi.

Msomaji atasema: lakini yeye alijua tangu asubuhi kwamba atashindwa! Naam, alijua. Aliamka akijua, akanywa kahawa akijua, akafunga kamba zile kwa mara ya mwisho akijua, kisha akaingia ulingoni na kucheza kwa nguvu zake zote kama mtu mwenye tumaini. Sioni jinsi jambo hilo linavyopunguza uzito wa hasara yake. Naona linauzidisha. Aliendelea kucheza miaka mingi akiwa uso wazi, akafariki mwaka 2018. Mwaka huo huo serikali ya mji mkuu ilikuwa imetangaza mieleka hiyo kuwa urithi wa utamaduni wa mji.

Kuna rehani nyingine ambayo hakuna aitangazaye kwenye mabango. Mwaka 1993 kijana aliyeitwa Oro, yaani Dhahabu, mwenye miaka 21, alianguka ulingoni asiamke tena. Mwezi wa Machi 2015, katika mji wa Tijuana, Perro Aguayo Mdogo, mwana wa mchezaji mashuhuri, alipata pigo la namna ile inayotolewa mara elfu kila mwaka bila madhara. Akabaki ameinamia kamba, kichwa kimelegea. Wenzake waliendelea kucheza kitambo kidogo, wakidhani anatimiza sehemu yake. Alikuwa na miaka 35. Huo ndio ukatili wa mchezo ambamo watu hujifanya kuumia: siku mtu anapoumia kweli, macho hayatambui upesi.

Nimemweka nyuma mtu mmoja ambaye wasomaji wa gazeti hili watapenda kumjua. Sergio Gutiérrez Benítez alizaliwa mwaka 1945. Ujana wake ulikuwa wa mitaani, na wa madawa ya kulevya; kisha akageuka, akaingia seminari, akapewa upadri, akatumikia katika jimbo la Texcoco karibu na mji mkuu. Huko akakusanya watoto yatima na watoto wa njiani, nao watoto, kama kila mlezi ajuavyo, hula kila siku. Zamani alikuwa ameona sinema ya padri maskini aliyecheza mieleka usiku ili alishe yatima. Ilikuwa hadithi tu, lakini yeye akaifuata kama mtu afuatavyo ramani! Akajifunza kwa siri, akashona kinyago cha manjano na nyekundu, akajiita Fray Tormenta, yaani Ndugu Tufani.

Alitumaini kupata fedha nyingi kama yule wa kwenye sinema. Malipo ya kwanza yalimwamsha: yalikuwa kidogo sana. Lakini aliendelea miaka 23, akilala katika mabasi, akirudi na mbavu zenye maumivu kusoma Misa. Kinyago kilimfaa kwa sababu nyingine pia: hakutaka wapinzani wajue kwamba ni padri, wasije wakamhurumia na kumpiga polepole. Habari zake zilipofichuka, wakubwa wake wa Kanisa hawakufurahi mara moja. Yeye akasema kwamba kama kuna njia nyingine ya kupata chakula cha watoto, yuko tayari kuifuata. Wengine kati ya watoto wake walikua wakawa wachezaji wa mieleka nao. Na baada ya kustaafu ulingoni, picha zake zilienea akiwa altareni, kanzu ya Misa mwilini na kinyago cha manjano usoni. Kuna wakristo wanaoona kwamba hiyo imepita kiasi. Pengine wana haki. Sikuwalisha watoto wake.

Wazungu wa sinema walitwaa habari zake mara mbili. Mwaka 1991 Wafaransa walifanya sinema juu yake, na Jean Reno akacheza sehemu ya padri. Mwaka 2006 Wamarekani wakafanya nyingine ya kuchekesha, iitwayo Nacho Libre. Ndani yake adui mkubwa, mwenye kinyago cha dhahabu, anaitwa Ramses. Aliyekivaa kinyago hicho alikuwa mchezaji wa kweli, César González Barrón, ambaye ulingoni aliitwa Silver King, naye kinyago chake mwenyewe alikuwa amekwisha kukipoteza ujanani. Tarehe 11 Mei 2019 alikuwa London, katika jumba la Roundhouse, akicheza mbele ya watu waliotaka kuona mieleka ya Meksiko. Katikati ya mchezo alianguka, akabanwa mabega, mwamuzi akahesabu, naye hakuinuka. Watazamaji waliendelea kungoja ainuke, kwa maana walidhani anaigiza. Ilikuwa moyo wake. Alikuwa na miaka 51.